UZI: Betri za boti ya tanga zinazokufa kila mara: tupime chaji kabla ya kununua betri nyingine

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, hasa ninyi wenye boti za tanga zinazolala Ghuba ya Msasani, Kunduchi na upande wa Kigamboni, salaam.

Kaskazi inapoanza na watu kurudi baharini, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: betri imekufa, ninunue ya aina gani? Naona swali hilo linakuja mapema mno. Betri nyingi zinazoshushwa botini na kuuzwa kama chuma chakavu hazikufa kwa uzee. Ziliharibika kwa sababu hazikuwa zikijazwa hadi mwisho, na mtu anayeweka mpya bila kuchunguza mfumo wa chaji anaiingiza betri hiyo mpya katika hali ileile iliyoiharibu ya zamani. Ndiyo maana naomba tujadili jambo hili kwa utaratibu, kwa vipimo, na kwa lugha ambayo mwenye boti na fundi wake wataelewana.

Jambo lenyewe si dogo. Gari likizima barabarani, vijana wa kijiweni watalisukuma. Boti ya tanga ikikosa umeme usiku inakosa taa za njia, inakosa redio ya VHF ambayo chaneli yake ya 16 ndiyo ya kuombea msaada, inakosa pampu ya kufua maji ngamani, na stata haiwezi kuwasha injini wakati mkondo unakusogeza kwenye mwamba. Anayerudi gizani kutoka Zanzibar anakatiza njia za meli zinazoingia na kutoka bandarini, na meli kubwa haiwezi kumkwepa mtu isiyemwona.

Tuanze na betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa takriban volti 2.1. Ikiwa imejaa na imepumzika, mita itaonyesha kati ya 12.6 na 12.8. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu, na ikishuka hadi 11.8 ihesabu kuwa tupu. Neno la msingi hapo ni kupumzika. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utaona 13 na zaidi, nawe utarudi nyumbani ukiwa na furaha isiyo na msingi. Iache saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa. Kwa boti yenye sola, wakati mzuri ni alfajiri, swichi kuu ikiwa imezimwa na jua halijagusa paneli.

Hata hivyo, volti nzuri si ushahidi kamili. Betri inapokaa bila kujaa, salfeti ya risasi inayojitengeneza kwenye bamba zake wakati wa kutoa umeme huganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiwezi tena kuziyeyusha. Betri ya namna hiyo inaweza kuonyesha 12.6 asubuhi, kisha ikaporomoka ukiwasha friji na taa mbili. Betri iliyoandikwa amperi-saa 100 kwa kawaida imepimwa kwa kutoa amperi 5 kwa saa 20 hadi ishuke kwenye 10.5. Kwa hiyo ukiifunga kwenye mzigo wa amperi 5 kwa saa 10, bado inapaswa kuwa karibu na volti 12. Ikianguka baada ya saa tatu au nne, uwezo wake umekwisha, hata kama gamba lake linang'aa. Na kwa betri ya stata, iangalie mita wakati mwenzako anawasha injini: ikishuka chini ya 9.6, ama betri ni dhaifu, ama stata inavuta kupita kiasi.

Karibuni kwa maswali. Ningependa tuzungumze kwa namba.

Mchangiaji wa Kigamboni

Shikamoo nahodha, na ahsante kwa uzi huu. Mimi nina boti ya futi 30 yenye injini ya dizeli na altaneta (kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri) ya amperi 50. Kuna betri moja ya stata na mbili za matumizi, kila moja amperi-saa 100, za kuongeza maji. Juu ya kibanda nina paneli ya sola ya wati 100. Betri za matumizi ni mpya, hazijamaliza mwaka, kwa sababu fundi aliniambia za awali zimekufa. Hizi mpya nazo zimeanza tabia ileile: nikilala kisiwani Mbudya, friji inazima kabla ya adhana ya alfajiri. Fundi sasa anasema ninunue altaneta. Kabla sijatoa fedha nyingine, naomba uniongoze.

Mwanzisha uzi

Marahaba ndugu yangu. Usinunue altaneta bado.

Tatizo la aina hii linaweza kukaa mahali panne tu: betri haina uwezo wa kutunza, chanzo hakitoi cha kutosha, njia kati ya chanzo na betri inapoteza umeme, au kuna kitu kinachovuta umeme ukiwa umelala. Tafadhali fanya vipimo vifuatavyo na utuletee majibu.

Kwanza, injini ikiwa inazunguka kwa mwendo wa safari na imekwishapata moto, weka waya mwekundu wa mita kwenye boliti kubwa ya nyuma ya altaneta na mweusi kwenye mwili wa altaneta. Kisha, bila kubadilisha mwendo wa injini, pima moja kwa moja kwenye vichwa vya betri ya matumizi. Uguse risasi yenyewe, usiguse kifungio cha waya, kwa sababu kifungio kilicholegea ni moja ya tunavyovitafuta. Namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana.

Pili, boti ikiwa imetulia na kila kitu kimezimwa, fungua waya wa hasi wa betri za matumizi na upitishe mita katikati ikiwa kwenye nafasi ya amperi 10. Usiwashe kabisa injini wala friji mita ikiwa imefungwa hivyo, kwani utachoma fyuzi yake. Niambie ni amperi ngapi zinaondoka wakati unaamini kwamba hakuna kinachofanya kazi.

Na usikate waya wa betri injini ikiwa inazunguka ili kuona kama altaneta inafanya kazi. Nimewaona watu wakifanya hivyo kwenye magari. Altaneta ikipoteza mzigo ghafla, volti zake hupanda kwa kasi na kuua diodi zake (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu), na pamoja nazo redio na kipima kina.

Fundi wa Gerezani

Naomba kuchangia kama mtu wa altaneta. Mkuu wa Kigamboni, kabla ya mita angalia kwanza fenibelti. Ukikuta vumbi jeusi limetapakaa kuizunguka, belti inateleza, na altaneta nzima haiwezi kutoa kitu kwa belti inayoteleza. Pia angalia kama taa ya chaji kwenye dashibodi inawaka unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini. Kwa altaneta nyingi taa ile ndiyo inayopitisha umeme mdogo wa kuiamsha. Globu yake ikiungua, altaneta inaweza isiamke kabisa, mtu akaitupa wakati ugonjwa ni globu.

La mwisho, diodi moja ya altaneta ikifa inaweza kuruhusu umeme wa betri kurudi nyuma usiku kucha. Huenda hilo ndilo linalozima friji yako.

Mchangiaji wa Kigamboni

Nashukuru sana wote. Belti haina vumbi na imekaza, na taa ya chaji inawaka kisha inazima baada ya injini kushika. Majibu ya vipimo ni haya: kwenye altaneta napata 14.2, kwenye betri ya stata 13.5, na kwenye betri za matumizi 13.3. Umeme unaoondoka kila kitu kikiwa kimezimwa ni amperi 0.4. Kuna kifaa cha alumini chenye mapezi karibu na injini, waya wa altaneta unaingia hapo na kutoka njia mbili kwenda kwenye betri.

Mwanzisha uzi

Namba hizi zinaeleza mengi, na kwanza zinaiondolea altaneta yako lawama. Inayotoa 14.2 ikiwa na moto na mzigo ni nzima.

Kifaa hicho cha mapezi ni kigawa chaji cha diodi. Kazi yake ni kuzuia betri ya stata isinyonywe na friji, na kazi hiyo kinaifanya vizuri. Kwa namna hiyohiyo kinazuia umeme wa betri zote usirudi kwenye altaneta, kwa hiyo hoja ya fundi wetu kuhusu diodi ya altaneta, ambayo ni ya kweli kwa boti nyingi, haihusiki na amperi 0.4 zako. Hizo zinaondokea mahali pengine na tutazifuata.

Kasoro ya diodi ni kwamba hujikatia takriban volti 0.7 kila umeme unapopita. Altaneta inadhani inatoa 14.2, ilhali betri inapokea 13.5 au pungufu. Betri ya asidi ya kuongeza maji inahitaji takriban 14.4 kwa saa kadhaa ili ijae. Kwa 13.3 itapokea kwa uvivu, itaishia njiani kila safari, na salfeti itaendelea kuganda. Hivyo ndivyo betri zako za awali zilivyokwisha, na hizi mpya zinaelekea hukohuko.

Lakini tofauti yako ni 0.9, wala si 0.7, na hizo 0.2 zilizosalia zina mahali zilipo. Mita ikiwa kwenye volti na injini ikizunguka, pima kipande kwa kipande: kutoka boliti ya altaneta hadi kichwa cha kuingilia cha kigawa chaji, kisha kutoka kuingia hadi kutoka, kisha kutoka hapo hadi chanya ya betri, na mwisho kutoka hasi ya betri hadi mwili wa altaneta. Waya mzima na kifungio kizima vitaonyesha karibu sifuri, na penye hasara mita itasema. Ukijumlisha namba hizo nne lazima upate tofauti yote. Zisipojumlika, kuna kipande hujakipima. Wengi hupima upande wa chanya pekee na kuusahau wa hasi, ilhali umeme wote unaokwenda lazima urudi.

Kuhusu amperi 0.4: kwa siku nzima hizo ni karibu amperi-saa 10. Boti ikikaa wiki moja, amperi-saa 67 zimeondoka. Rudisha mita mahali pake, kisha chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba ianguke. Usipoipata kwenye ubao wa fyuzi, fuata kila waya uliofungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, kwa sababu hizo hazipiti kwenye swichi kuu.

Mchangiaji wa Kigamboni

Nimemaliza vipimo. Altaneta hadi kigawa chaji 0.03. Ndani ya kigawa chaji 0.68. Kutoka hapo hadi chanya ya betri 0.04. Upande wa hasi 0.17. Jumla 0.92, na kweli inakaribiana na tofauti niliyoiona. Waya wa hasi umefungwa kwenye mwili wa injini kwa boliti yenye kutu, na nilipokata ganda kidogo nyuzi za ndani zilikuwa nyeusi.

Kinachovuta usiku ni inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Imefungwa moja kwa moja kwenye betri. Sikuwa na habari kwamba inakula umeme hata bila kitu chochote kuchomekwa.

Mwanzisha uzi

Kazi nzuri sana, na wanajukwaa wengine wajifunze kwenye namba hizi nne.

Inveta nyingi hutumia wati kadhaa kwa kukaa tu zikiwa zimewashwa. Izime kwa swichi yake yenyewe kila unapomaliza, na uiwekee fyuzi na swichi kubwa kwenye waya wa chanya karibu na betri. Fyuzi hiyo hata isingekuwapo habari ya kuvuja ungeihitaji, maana waya mnene usio na fyuzi ndani ya boti ni hatari ya moto.

Waya uliogeuka mweusi ndani hausafishiki. Chumvi imekwishapanda kati ya nyuzi, na ukikata mbele kidogo utaukuta mweusi tena. Ubadilishe wote. Kwa hali ya hewa ya pwani yetu tafuta waya ambao kila uzi wake umepakwa bati. Wa gari wenye shaba tupu utafanya kazi, lakini hautadumu. Kwenye ncha tumia kichwa cha kubana kwa koleo lake, si nyundo, kisha ufunike kwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Pale kwenye injini kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga, halafu upake grisi juu. Grisi ikipakwa baada ya kufunga huzuia chumvi.

Kigawa chaji ningekitoa na kuweka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayojifunga yenyewe volti zikipanda zaidi ya 13 na kujifungua zikishuka. Inatenganisha betri injini ikizimwa, wala haijikatii volti 0.7. Iwe ya amperi zinazozidi za altaneta yako. Lakini ikishafungwa, ile kinga ya diodi haipo tena, na hapo ndipo onyo la fundi wa Gerezani litakapoanza kukuhusu.

Mchangiaji wa Mbezi

Samahani kwa kuingilia. Mimi sina friji, nina taa na redio tu, na nina sola ya wati 100. Kwa nini betri yangu nayo haifiki asubuhi wakati wa masika?

Mwanzisha uzi

Karibu. Paneli ya wati 100 kwa jua letu la Dar es Salaam, siku ya kiangazi yenye takriban saa 5 za jua kamili, itakuingizia kama amperi-saa 30 baada ya hasara. Masika, anga ikifunga kutwa, unaweza kupata theluthi ya hizo au pungufu. Upande wa matumizi, taa ya nanga yenye globu ya zamani ya wati 10 inakula karibu amperi-saa 10 kwa usiku mmoja. Ya LED haifiki 3. Redio ya VHF inavuta chini ya nusu amperi ikisikiliza, lakini hupanda hadi 5 au 6 unapozungumza kwa nguvu ya wati 25. Anza kwa kubadilisha globu.

Kisha chunguza kivuli. Mlingoti, tanga lililokunjwa, hata kamba nene ikitupa kivuli kwenye safu moja ya vioo hupunguza umeme wa paneli nzima kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Boti iliyofungwa kwenye boya hugeuka na upepo na maji, kwa hiyo paneli iliyokuwa juani saa tatu inaweza kuwa kivulini saa sita.

Angalia pia kidhibiti chaji kimewekwa kwa betri ya aina gani. Nilichokiona mara nyingi ni kidhibiti kilichoachwa kwenye mpangilio wa jeli, kinachokatiza mapema kwa betri ya maji. Lakini msizidishe kwa upande wa pili: ile 14.4 ni ya nyuzi joto 25. Betri inayokaa kwenye 35, kama ilivyo kawaida ndani ya boti zetu mwezi Februari, inataka takriban 14.2, la sivyo inachemka na kukauka. Joto lenyewe pia linaila: kila nyuzi 10 zinazozidi, umri wa betri hupungua kwa karibu nusu. Ihamisheni kutoka chumba cha injini ikiwezekana, lakini isishuke ngamani. Maji ya bahari yakiingia kwenye betri ya asidi huweza kutoa gesi ya klorini, na ndani ya kibanda gesi hiyo inaweza kuua.

Mchangiaji wa Kigamboni

Nahodha, nimerudi. Waya mpya wa hasi umefungwa, rilei imefungwa, inveta ina swichi na fyuzi. Sasa napata 14.1 kwenye betri za matumizi. Kuna mtu ananishauri niuze hizi nichukue za lithiamu. Je, nifanye hivyo, au hizi zinaweza kuokolewa?

Mwanzisha uzi

Hongera. Hiyo 14.1 ni nzuri kwa mahali penye joto.

Lithiamu ni betri nzuri, lakini kwako nisingeanza nayo. Inapokea umeme kwa pupa, na altaneta ndogo ya amperi 50 isiyodhibitiwa kwa joto inaweza kuungua ikilazimishwa kutoa nguvu zake zote kwa saa nzima. Tena ina ubongo wake ndani unaokata umeme volti zikishuka mno, na mwenye boti akipima anapata sifuri, akadhani imekufa wakati inasubiri tu kuchajiwa. Volti zake pia hukaa karibu na 13.2 kwa muda mrefu, hivyo kukisia kiasi kilichobaki kwa mita ya volti, kama tulivyofanya hapa, hakuwezekani.

Hizi ulizonazo zipe nafasi. Zitoe zote mbili na uzitenganishe, uongeze maji ya betri yasiyo na asidi yafunike bamba tu, kisha uzichaji moja moja nchi kavu kwa chaja nzuri ya umeme wa nyumbani, mahali penye hewa na mbali na moto, maana hutoa gesi ya haidrojeni. Iache kwenye 14.4 hadi umeme unaoingia ushuke kwenye amperi 1 au 2 na usitikisike tena. Ukimaliza, jaza maji hadi alama yake, iache ipumzike usiku, kisha upime kila chumba kwa kipima uzito wa asidi. Chumba kilichojaa kinasoma 1.265 au zaidi kidogo. Vaa miwani na glovu.

Mchangiaji wa Kigamboni

Ya kwanza vyumba vyote sita viko kati ya 1.260 na 1.270. Ya pili vitano viko 1.255, kimoja kimegoma kwenye 1.180.

Mwanzisha uzi

Ya kwanza irudishe botini, itakutumikia. Ya pili, tofauti inayozidi 0.050 kati ya chumba na chumba maana yake chumba hicho ni kibovu. Ichaji kwa mara moja zaidi hadi mwisho, na kikibaki palepale usiifunge sambamba na ile nzima kwa hali yoyote, kwa sababu itainyonya usiku kucha na utakuwa umeziharibu zote. Tumia moja, zima friji ukilala hadi upate ya kuongeza, na utakapoinunua utafute ya aina na ukubwa uleule mapema, kabla hii nzima haijazeeka, ili ziende pamoja. Ukizifunga, waya wa chanya utoke kwenye betri moja na wa hasi utoke kwenye nyingine, ili zote mbili zichajiwe na kutumika kwa usawa.